Ukweli Ule Ule, Hukumu Tofauti: Maadili ya Kikristo Mbele ya Historia Yake

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana kutoka pembe zote za dunia walikutana Lambeth, London, wakaamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Afundishwe dini kama mkatekumeni, lakini asubiri mpaka hali yake itakapomruhusu kuishika sheria ya Kristo. Kwa maneno mengine, mpaka abaki na mke mmoja. Kura 83 zilikubali na 21 zikakataa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mkutano huo huo ukiwa Canterbury uliamua kwamba mtu wa namna hiyo aweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake. Masharti yalikuwa matatu: aahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake hao yu hai, jumuiya ya Kikristo ya mahali pake iridhie, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa kuwa mwanamke anayeachwa hivyo huingia katika dhiki.

Kati ya maamuzi hayo mawili hakuna aliyeiandika Injili upya. Mathayo ni yule yule na Paulo ni yule yule. Basi Mkristo anayeamini kwamba yapo mema na maovu yasiyobadilika anayaelezaje mabadiliko ya hukumu zake mwenyewe? Mkosoaji ana jibu la haraka: ukweli huo haukuwahi kuwepo, zilikuwepo desturi za kila zama zikapewa muhuri wa Mungu. Mtetezi naye ana lake: ukweli haujabadilika, mazingira ndiyo yamebadilika. Majibu yote mawili yanaikwepa historia. Hukumu za Wakristo zimebadilika kwa sababu zaidi ya moja, na anayezichanganya sababu hizo hawezi kulitetea Kanisa kwa haki wala kulishtaki kwa haki.

Madai manne yanayochanganywa

Anayesema kuna ukweli kamili wa maadili huwa anadai mambo manne, na mara nyingi hajui kuwa ni manne. La kwanza ni kwamba wema na uovu vipo vyenyewe, havitokani na maoni ya mtu, ukoo au serikali. Kumuua asiye na hatia ni uovu hata kama kijiji kizima kimeshangilia. La pili ni kwamba ukweli huo unamhusu kila mtu, Mmakonde na Mjerumani, tajiri na maskini. La tatu ni kwamba zipo amri ambazo hali yoyote ile haiwezi kuzilegeza. La nne ni kwamba sisi tunaoamini tunaujua ukweli huo bila kukosea.

Madai mawili ya kwanza ndiyo msingi wa imani ya Kikristo. Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Euthyphro, alikwisha kuuliza: je, jambo ni jema kwa sababu miungu imelipenda, au miungu imelipenda kwa sababu ni jema? Mtu akichagua la kwanza, wema unakuwa amri ya mwenye nguvu. Akichagua la pili, Mungu naye ana sheria iliyo juu yake. Wanateolojia wa Kikristo kwa wingi wao wamekataa njia zote mbili wakasema wema ni tabia ya Mungu mwenyewe: hakuutunga kama mtu anavyotunga kanuni za mchezo, wala hakuukuta mahali akautii. Injili ya Yohana inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa ndani yake ukweli ana uso na jina. Pilato aliyeuliza ukweli ni nini alikuwa amesimama mbele ya aliyekuwa jibu.

Dai la tatu ndilo lililowagawa Wakristo wenyewe. Agostino aliandika kitabu kuhusu uongo mnamo mwaka 395, akarudia mada hiyo mnamo 420, na msimamo wake haukutetereka: kila uongo ni dhambi, hata ule unaookoa maisha. Lakini kitabu cha Kutoka kinasimulia jinsi wakunga Shifra na Pua walivyomhadaa Farao ili kuwaokoa watoto wa Kiebrania, na Mungu akawatendea mema. Rahabu wa Yeriko aliwadanganya watu wa mfalme waliokuwa wakiwatafuta wapelelezi, naye anatajwa katika Waraka kwa Waebrania miongoni mwa mashujaa wa imani. Agostino alijibu kwamba walilipwa kwa huruma yao, wala si kwa uongo wao. Immanuel Kant mwaka 1797 alishika msimamo mkali kama huo kwa njia ya falsafa. Mmarekani Joseph Fletcher, padre wa Kiepiskopali, mwaka 1966 alisimama ng'ambo ya pili: upendo peke yake ndio usio na masharti, amri nyingine zote zaweza kupisha.

Katikati yao yupo Tomaso wa Akwino. Kwake, kanuni kuu za sheria ya asili ni zile zile kwa watu wote, ila kadiri unavyoshuka kwenye mambo mahususi ndivyo kanuni inavyoweza kushindwa. Mfano wake ni amana. Uliyowekewa sharti uyarudishe, lakini si pale mwenyewe anapoidai mali yake ili aende kuipiga vita nchi yake. Na Tomaso huyo huyo alikubaliana na Agostino kuwa uongo daima ni dhambi. Mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wa Veritatis Splendor, alisisitiza kwamba yapo matendo ambayo ni maovu kwa asili yake, na hakuna nia njema inayoweza kuyatakasa.

Kwa hiyo anayeonyesha kwamba amri fulani ina mahali inapopisha amevuruga pengine dai la tatu tu. Mawili ya kwanza bado yamesimama. Na anayeonyesha kwamba Kanisa liliwahi kukosea amevunja dai la nne. Ili kujua ni dai gani hasa lililoguswa na historia, tuchukue kesi tatu.

Riba: mambo yenyewe yalipobadilika

Kwa zaidi ya miaka elfu moja Kanisa lilihesabu riba kuwa dhambi nzito. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliamuru wakleri wakopeshao kwa riba wavuliwe daraja. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwanyima komunyo na maziko ya Kikristo wakopeshaji wanaojulikana kwa riba. Mtaguso wa Vienne, kati ya 1311 na 1312, ukaongeza kwamba atakayeshikilia kuwa riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi. Leo maaskofu Katoliki wa Tanzania wana Benki ya Biashara ya Mkombozi, iliyoanza kazi mwaka 2009. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nayo imezaa Maendeleo Bank, iliyofunguliwa mwaka 2013. SACCOS za parokia na sharika ni jambo la kawaida. Ukisoma kanuni ya Laterano kisha ukapita mbele ya benki hizo, utadhani Kanisa limeuza urithi wake.

Hesabu haiko hivyo. Mkopo waliokuwa nao akilini waandishi wa Torati na maaskofu wa Nikea ulikuwa hasa ule wa mtu aliyeishiwa nafaka, anayekopa ili watoto wake wale mpaka mavuno. Tomaso wa Akwino, akitumia fikra ya Aristotle kwamba pesa ilibuniwa kwa ajili ya kubadilishana, alisema kuwa pesa huisha kwa kutumiwa, kama mkate unavyoisha kwa kuliwa. Kudai pesa pamoja na ujira wa kuitumia ni kuuza kitu kimoja mara mbili. Hata hivyo, katika zama zile zile wanateolojia walikiri kuwa mkopeshaji aliyepata hasara kwa kukopesha, au aliyeikosa faida halali ambayo angeipata, aweza kufidiwa. Biashara ilipopanuka na pesa ikawa mtaji, fidia hiyo ikawa ndiyo hali ya kawaida. John Calvin, katika barua ya mwaka 1545, alitenganisha kumkopesha mfanyabiashara anayekwenda kuzalisha na kumkopesha fukara anayekwenda kula. Papa Benedikto XIV mwaka 1745 aliendelea kuikataza riba, huku akikubali kwamba zipo sababu nyingine halali za kudai zaidi ya kilichokopeshwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zikaruhusu faida inayokubaliwa na sheria za nchi.

Kilichokatazwa Nikea kilikuwa kujitajirisha kwa dhiki ya jirani, na katazo hilo halijafutwa na mtu. Mitaani kwetu tunayo mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu: mama ntilie anachukua pesa asubuhi, wiki chache baadaye deni limeumuka kuliko mtaji, na vijana wa mkopeshaji wanabeba godoro na jiko lake mchana kweupe. Mababa wa Nikea wangeitambua mara moja dhambi waliyoikataza. Katika kesi hii mtetezi ana haki: jambo lililoitwa kwa jina lile lile limekuwa jambo jingine, na kanuni imebaki palepale.

Utumwa: hapa hakuna udhuru

Mtetezi akishaonja ushindi huo hutaka kuupeleka kila mahali. Hapo ndipo anapokwama, kwa sababu utumwa haukuwahi kuwa jambo jingine.

Mwaka 1452, na tena mwaka 1455, Papa Nikolasi V alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia Waislamu na wapagani katika utumwa wa kudumu. Shirika la kimisionari la Kianglikana lililorithi mashamba ya miwa ya Codrington huko Barbados mwaka 1710 liliwamiliki watumwa wake kama bwana mwingine yeyote. Watumwa hao walipigwa chapa ya moto kifuani, na chapa ilikuwa jina la shirika lenyewe. Mwaka 1866, ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilijibu maswali yaliyotoka kwa vikariati ya kitume ya nchi ya Waoromo, Ethiopia. Ilisema kwamba utumwa, ukitazamwa wenyewe, haupingani na sheria ya asili. Miaka 22 baadaye, mwaka 1888, Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil akiulaani. Mwaka huo huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la White Fathers, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa Afrika. Ilipofika 1993, Veritatis Splendor ilitaja utumwa ndani ya orodha ya matendo yaliyo maovu kwa asili yake, daima na mahali pote.

Kama ni uovu daima na mahali pote, basi ulikuwa uovu mwaka 1866, na waliojibu kutoka Roma walikosea. Husemwa kwamba wale walikuwa watu wa zama zao na hawakujua. Hoja hiyo haisimami, kwa kuwa wapo waliojua. Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, alihubiri kwamba binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hana bei wala hana mnunuzi. Bartolomé de las Casas alipiga kelele juu ya mateso ya wenyeji wa Amerika katika karne ya 16, na Papa Paulo III mwaka 1537 alikataza watu hao kunyang'anywa uhuru wao. Wapo pia wasiotajwa katika vitabu vya mitaguso, nao walijua kuliko wote: waliofungwa minyororo. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo hakuna aliyehitaji kusoma teolojia ili ajue kwamba anachotendewa ni uovu.

Unguja inao ushahidi wa pande zote mbili. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo Wakristo wa misheni ya Kianglikana ya UMCA wakaanza kujenga kanisa kuu mahali pale. Jengo hilo hutajwa kama ushuhuda wa ushindi wa Injili, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba Wakristo wa Ulaya walikuwa wamesafirisha watu kuvuka Atlantiki kwa karne tatu kabla ya hapo, wakiwa na Injili hiyo hiyo mkononi. Mwaka 2006 Kanisa la Uingereza liliomba radhi kwa ajili ya utumwa, Codrington ikiwemo. Mwaka 2023 Vatikani ilikana rasmi fundisho lililojengwa juu ya hati zile za karne ya 15. Radhi huombwa kwa kosa, haiombwi kwa mabadiliko ya mazingira.

Wakalvini wa Afrika Kusini walitufundisha jambo hilo waziwazi. Mwaka 1974 kanisa kuu la Makaburu, NGK, lilitoa waraka uliotumia Maandiko kuhalalisha kutenganisha watu kwa rangi. Mwaka 1982 kanisa dada la machotara likaandika Ungamo la Belhar na kuuita utetezi wa ubaguzi huo uzushi. Mwaka 1990, mjini Rustenburg, Profesa Willie Jonker wa NGK alisimama mbele ya wajumbe wa makanisa mengine akakiri hatia yake na ya watu wake. Hakusema kwamba nyakati zimebadilika.

Mitala: majukumu mawili yalipokutana

Kesi ya tatu inaturudisha Lambeth, nayo haifanani na hizo mbili. Mitala haikugeuka kuwa kitu kingine kama riba. Wala maaskofu wa 1988 hawakusema wenzao wa 1888 walikosea kuhusu ndoa yenyewe: azimio lao linaanza kwa kushikilia kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Kilichozozaniwa kilikuwa kingine. Mtu anakuja kwenye Injili akiwa tayari ana wake watatu na watoto kumi, ameyatoa mahari, ameahidiana na koo tatu. Afanye nini?

Kanuni ya 1888 ilimtaka achague mmoja. Wengine warudi kwao, mara nyingi bila shamba, bila watoto wao, bila heshima. Kwa kutii fundisho moja la Kristo juu ya ndoa, mtu alilazimika kulivunja fundisho jingine lililomo katika sura ile ile ya 19 ya Mathayo, lile linalokataza kumwacha mke. Askofu John Colenso wa Natal aliliona hilo mapema na kuliandika, hasa katika barua yake ya mwaka 1862 kwa Askofu Mkuu wa Canterbury: talaka ya kulazimishwa ni uovu mkubwa kuliko ule inaotaka kuutibu. Na asidhani mtu kwamba huu ulikuwa ugomvi wa Waafrika na Wazungu. Colenso alikuwa Mwingereza, ilhali Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana, alikuwa upande wa msimamo mkali. Karne moja baadaye, Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliolisukuma azimio jipya.

Makanisa mengine yameishughulikia kesi hiyo hiyo kwa namna nyingine. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 bado zinamtaka anayebatizwa abaki na mke mmoja, lakini zinamwamuru askofu ahakikishe kwamba wanawake wanaoachwa wanatunzwa kwa haki na upendo. Ukweli unaokiriwa ni mmoja, majukumu yanayogongana ni yale yale, na mizani imeelemea pande tofauti. Anayetaka kuthibitisha kwamba hakuna ukweli wa maadili hapati kitu hapa. Anayetaka kuthibitisha kwamba ukweli ukijulikana hukumu hujileta yenyewe, huyo naye hapati kitu.

Anayekana ukweli anapoteza nini

Mtu aweza kuuliza kwa nini tujisumbue hivi. Si tuseme kila jamii ina maadili yake, basi? Msimamo huo umewahi kutetewa na watu wa heshima kwa nia njema. Mwaka 1947 bodi ya Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani ilitoa tamko la kuonya dhidi ya tangazo la haki za binadamu litakalopimwa kwa maadili ya Magharibi peke yake. Walikuwa na sababu. Ukoloni ulikuwa bado unatawala kwa kisingizio cha ustaarabu, na wamisionari wengi walishindwa kutofautisha Injili na suruali. Lakini tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo hilo, na mmoja wa waliolisukuma kwa nguvu alikuwa Charles Malik wa Lebanon, mwanafalsafa na Mkristo wa Kiorthodoksi. Waliosikilizwa zaidi baadaye na wapigania uhuru wa Afrika na Asia walikuwa hawa wa 1948. Sababu iko wazi. Mtu aliyetawaliwa akisema anaonewa, anadai kwamba mtawala amevunja kitu kilicho juu ya desturi ya mtawala. Kama desturi ndiyo hakimu wa mwisho, mtawala anajibu kuwa kwake ndivyo ilivyo, na kesi imekwisha.

Rwanda ilionyesha jambo hilo kwa damu. Mwezi Aprili 1994, katika nchi ambayo wengi wa wananchi wake walikuwa wamebatizwa, redio, viongozi na majirani waliwaambia watu kwamba kuwaua Watutsi ni kazi ya kizalendo. Makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye yalijaa maiti. Mjini Gisenyi, Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa mlei aliyewekwa wakfu, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kuingia Kongo. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Akakataa kuwaacha aliowaficha, akauawa pamoja nao. Ukisema wema ni kile kinachokubaliwa na jamii, basi kwa wiki zile huyu mama alikuwa mkosaji na wenye mapanga walikuwa raia wema. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kumeza hitimisho hilo.

Na kuna hasara nyingine isiyotajwa sana. Anayekana ukweli kamili hawezi kutubu kwa ajili ya historia, kwa kuwa kwake historia haina makosa, ina mabadiliko tu. Atasema zamani tuliona hivi, sasa tunaona vile. Papa Fransisko alipoomba msamaha kwa Mungu mwaka 2017 kwa ajili ya dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji ya Rwanda, alikuwa anakiri kwamba kipimo kilichowahukumu kilikuwepo siku ile ile ya Aprili. Kuamini ukweli usiobadilika ndiko kunakomfanya mtu aweze kusema nilikosea.

Nani anaubeba mzigo

Linabaki lile dai la nne, la kuujua ukweli. Bénézet Bujo, mwanateolojia wa Kongo, aliikosoa teolojia ya maadili ya Ulaya kwa kudhani kwamba mtu mmoja mwenye akili timamu, akiwa peke yake mezani, aweza kuzitoa kanuni zote. Alipendekeza baraza: wakubwa, wadogo, waliokosewa na waliokosea wakae, waseme, wasikilizane. Laurenti Magesa wa Tanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alionyesha kwamba dini za asili za Afrika hupima tendo kwa kuuliza kama linaukuza uhai wa wote au linaupunguza. Baraza haliutungi ukweli kwa kura, kama vile mahakama isivyolitunga tukio kwa kulisikiliza. Linaongeza mashahidi.

Tukizipitia tena kesi zetu kwa jicho hilo, kuna jambo linajitokeza. Mwaka 1455 na 1866 hapakuwa na mtumwa aliyeulizwa. Mwaka 1888 hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika chumba kilichoamua wake wengine warudi kwao. Waliotoa hukumu hawakuwa ndio waliotakiwa kuilipia, na mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kristo aliwashutumu walimu wa sheria kwa kosa hilo hasa: kuwafungia watu mizigo mizito ambayo wao hawaigusi kwa kidole.

Mzigo peke yake, hata hivyo, hauthibitishi kwamba kanuni ni mbaya. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji, na siku chache baadaye Luwum akauawa. Ukweli alioushika ulikuwa mzito, ila aliubeba yeye. Ndivyo alivyofanya Niyitegeka. Tofauti kati yao na mabwana wa Codrington haikuwa katika uthabiti wa imani. Ilikuwa katika swali la nani alitakiwa kulipa.

Ugomvi mkubwa wa makanisa leo unaweza kupitishwa katika maswali haya. Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa hati ya Fiducia Supplicans, iliyoruhusu baraka zisizo za kiliturujia kwa wenzi wa jinsia moja. Tarehe 11 Januari 2024 shirikisho la maaskofu Katoliki wa Afrika na Madagaska, kwa barua iliyotiwa saini na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, likasema baraka hizo hazitatolewa Afrika. Tangu hapo kila upande umekimbilia historia. Wanaotaka mabadiliko wanataja utumwa: Kanisa lilikosea kule, limekosea na hapa. Wanaoyakataa wanasema kwamba kanuni ikipishwa mara moja hakuna itakayobaki. Wote wanaruka hatua. Aliyetaja utumwa anapaswa kuonyesha kwamba kesi yake ni ya aina hiyo hasa, na kwamba Maandiko na mapokeo yana mashahidi wa ndani walio upande wake, kama Gregori wa Nisa alivyokuwa shahidi dhidi ya utumwa. Anayekataa naye aonyeshe kwamba amewasikiliza wanaoilipia kanuni anayoitetea, wala hajipatii sifa ya uaminifu kwa gharama ya wengine. Kufanya hivyo ni kazi zaidi ya kurushiana mifano, na kila upande waweza kuumizwa nayo.

Wakristo wa Afrika Mashariki wanapenda kusema kwamba wao wameushika ukweli ambao Ulaya imeuacha. Huenda ni kweli. Lakini dai hilo lina deni lake. Anayeamini kwamba ukweli hautokani na yeye amekubali mapema kwamba ukweli huo waweza kumgeukia yeye, mchungaji wake, sinodi yake na kabila lake. Kanisa linaloulinda ukweli kamili litambulike kwa urahisi wake wa kuungama, na kwa kuwaweka wanaobeba mzigo wa hukumu zake katika viti vya mbele vya baraza kabla kura hazijapigwa. Lisilofanya hivyo linalinda heshima yake, na historia yake yenyewe imeshaonyesha mahali njia hiyo inapoishia.